Gasketi za Manifoldi Kwenye Pikapu ya Dizeli: Kutambua Zilizochakaa na Kuzibadilisha

Gasketi ya manifoldi ni kipande chembamba cha bati, au cha mchanganyiko wa chuma na grafiti, kinachobanwa kati ya manifoldi na silinda hedi ili hewa au moshi upite katika njia yake bila kutorokea pembeni. Pikapu ya dizeli ina manifoldi mbili: ya hewa, inayoigawia kila silinda hewa yake, na ya moshi, inayokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye turbo, kama ipo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye silinda), na hatimaye kwenye bomba la ekzosi. Kwa kawaida kila moja ina gasketi yake, ingawa katika baadhi ya injini za zamani ambazo manifoldi zote mbili hukaa upande mmoja wa hedi, gasketi moja huzihudumia zote. Mwongozo huu unazihusu zote mbili, lakini utakaa zaidi kwenye ile ya moshi, kwa kuwa ndiyo inayoungua, ndiyo inayosumbua kufungua, na ndiyo ambayo hubadilishwa leo ikalazimika kubadilishwa tena baada ya muda mfupi.

Marudio hayo yana sababu. Gasketi ya moshi ni nadra kufa kwa uzee peke yake; aghalabu huuawa na manifoldi iliyopinda, stadi (boliti isiyo na kichwa, iliyosimikwa kwenye hedi) iliyokatika, nati iliyolegea, au uso uliofungwa ukiwa bado na mabaki ya gasketi ya zamani. Anayeweka gasketi mpya bila kukitafuta kilichoiua ile ya kwanza atairudia kazi yote, na safari ya pili nati zitakuwa zimeshika kutu zaidi.

Ili kuelewa kinachotokea pale ndani, tufanye hesabu ndogo. Chuma cha kusubu, ambacho manifoldi nyingi za moshi hutengenezwa nacho, hutanuka takribani milimita 0.011 kwa kila mita kwa kila nyuzi joto moja ya Selsiasi. Manifoldi yenye urefu wa milimita 500, ikipanda joto kwa nyuzi 500, itarefuka kwa karibu milimita 2.75. Hedi ya aluminiamu hutanuka mara mbili zaidi kwa kila nyuzi, yaani milimita 0.023 kwa mita, lakini kwa kuwa inapozwa na maji hupanda kwa nyuzi 80 hivi tu, na urefu uleule wa milimita 500 huongezeka kwa chini ya milimita 1. Tofauti inayobaki, karibu milimita 2, lazima iende mahali fulani: manifoldi huteleza juu ya gasketi kila injini inapopata moto na hurudi kila inapopoa. Ndiyo maana matundu ya boliti kwenye manifoldi hutobolewa makubwa kuliko boliti zenyewe, na ndiyo maana stadi zinazokatika mara nyingi ni za mwisho kabisa, upande wa mbele na wa nyuma, ambako kuteleza ni kukubwa kuliko katikati.

Dalili za upande wa moshi

Dalili ya kwanza ni sauti. Washa injini asubuhi ikiwa baridi kabisa, boneti ikiwa wazi, na usikilize upande wa manifoldi ya moshi. Gasketi inayovuja hutoa mlio mfupi unaojirudia, tik-tik-tik au puf-puf-puf, unaoongeza kasi pamoja na mzunguko wa injini na kuwa mkali zaidi injini inapobebeshwa mzigo. Baada ya dakika chache mlio hufifia, na wakati mwingine hutoweka kabisa, kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba mwanya. Hapa ndipo wengi hupotezwa njia: gari huendeshwa hadi gereji, hufika likiwa na moto, fundi husikiliza na hasikii kitu, na mwenye gari huambiwa kwamba hakuna tatizo. Gari la namna hii liachwe gereji usiku kucha na liwashwe asubuhi mbele ya fundi.

Dalili ya pili ni masizi, na hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ondoa bati la kukinga joto, chukua tochi na kioo kidogo chenye mpini, kisha ukague mstari ambao manifoldi inakutana na hedi, tundu kwa tundu, juu na chini. Mahali panapovuja utaona doa jeusi kavu, lenye kiini cheusi sana kwenye maungio na kingo zinazofifia kadiri linavyosambaa juu ya chuma, kama unyoya. Ncha yake pana huelekea mbali na uvujaji, kwa hiyo ufuate weusi unapokolea nawe utafika kwenye chanzo. Ukipapasa doa hilo kwa kidole, injini ikiwa baridi, litatoka kama unga. Doa linalonata na kuteleza ni mafuta ya injini, nalo ni jambo jingine.

Dalili ya tatu ni harufu ya moshi ndani ya kibini, hasa gari linaposimama huku feni ya hewa ikifanya kazi, kwa kuwa tundu linalovuta hewa ya kibini huwa chini ya kioo cha mbele, jirani na boneti. Jambo hili lisichukuliwe kuwa kero tu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Gari liendeshwe madirisha yakiwa wazi hadi kazi ifanyike.

Dalili ya nne ni nguvu kupungua, kwa gari lenye turbo. Turbo huzungushwa na nguvu iliyomo kwenye moshi wa moto. Moshi ukitoroka kabla ya kuifikia, turbo huchelewa kuamka, hewa inayosukumwa kwenye silinda hupungua, na mafuta yanayopulizwa hukosa hewa ya kutosha ya kuungua. Matokeo yake ni moshi mweusi unapokanyaga mlimani, ulaji wa mafuta unaopanda, na injini inayochemka kuliko kawaida. Katika magari yenye kompyuta, taa ya injini inaweza kuwaka kwa sababu mgandamizo wa hewa umeshuka chini ya ule unaotarajiwa.

Vinavyofanana na gasketi iliyochakaa

Kabla ya kushika spana ni vizuri kuondoa watuhumiwa wengine. Washa ya shaba, yaani pete ya kuziba iliyo chini ya nozeli (kifaa kinachopuliza mafuta kwenye silinda), ikivuja hutoa mlio unaokaribiana sana na wa gasketi, chaf-chaf, lakini alama yake ni lami nyeusi ngumu inayojikusanya kuzunguka mguu wa nozeli, juu ya hedi na si pembeni. Vali zenye nafasi kubwa mno hugonga kwa sauti kavu ya chuma kutoka chini ya kifuniko cha juu, wala sauti hiyo haina pumzi ndani yake. Ufa kwenye manifoldi yenyewe hutoa mlio uleule na masizi yaleyale. Tofauti ni kwamba masizi huanzia katikati ya chuma, mara nyingi kwenye kona kati ya matundu mawili. Kagua pia maungio ya manifoldi na turbo, na ya turbo na bomba la ekzosi, kwa sababu sauti husafiri kwenye chuma na kudanganya sikio. Kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja, ncha moja ikiwa karibu na sikio na nyingine ikipitishwa polepole juu ya maungio bila kuyagusa, kinatosha kutofautisha silinda ya kwanza na ya nne.

Njia ya uhakika zaidi hufanyika injini ikiwa baridi na imezimwa. Puliza hewa ya nguvu ndogo kwenye mdomo wa bomba la ekzosi, kwa mfano kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa upande wa kupuliza, uzibe pembeni kwa kitambaa, kisha unyunyize maji ya sabuni kwenye maungio yote ya manifoldi. Povu litachemka pale panapovuja. Usitumie hewa ya kompresa moja kwa moja, kwa kuwa nguvu yake haihitajiki hapa na inaweza kuharibu zaidi ya inachoonyesha.

Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, mafundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine ili kusikia ni silinda ipi inayobadilisha mlio. Njia hiyo ni marufuku kabisa kwenye injini za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la mafuta yenye mgandamizo mkubwa. Mgandamizo wa mafuta humo huvuka bar 1,000, na mchirizi mwembamba wa mafuta kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha lake huonekana dogo lakini ni la kukimbiziwa hospitali na kufanyiwa upasuaji mara moja.

Dalili za upande wa hewa

Gasketi ya manifoldi ya hewa haiungui, na kwa hiyo hudumu zaidi. Ikichakaa kwenye injini yenye turbo, hewa hutoka nje wakati turbo inasukuma: utasikia mluzi au mfoko wa hewa unapokanyaga, nguvu itapungua, na moshi mweusi utaongezeka. Kwa kuwa hewa ya turbo hubeba mvuke wa mafuta unaotoka kwenye injini, maungio yanayovuja huwa na unyevu wa mafuta ulioshika vumbi. Kwenye injini isiyo na turbo mambo hugeuka: hewa huvutwa ndani badala ya kutoka, na hewa hiyo haijapita kwenye kichujio. Vumbi linaloingia hivyo husaga ringi na kuta za silinda kimyakimya, na hasara yake ni kubwa kuliko ya moshi unaovuja, ingawa haipigi kelele.

Kupima, ziba mdomo wa bomba la hewa kabla ya turbo kwa kizibo chenye vali, uingize hewa kidogokidogo bila kuvuka mgandamizo ambao turbo ya gari hilo hutoa kwa kawaida, na unyunyize maji ya sabuni kwenye maungio, mipira na klampu zote hadi kwenye hedi. Mara nyingi utakuta kosa liko kwenye mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na si kwenye gasketi. Kamwe usipulize dawa inayowaka, kama ya kusaidia kuwasha injini au ya kusafishia kabureta, ili kusikia kama injini itabadilika. Mbinu hiyo ni ya injini za petroli. Dizeli huiunguza dawa hiyo bila kusubiri nozeli, inaweza kukimbia mzunguko bila kuzuilika, na kwenye injini zenye kipasha hewa ndani ya manifoldi dawa inaweza kulipukia mkononi.

Maandalizi

Nunua vipuri vyote kabla ya kufungua chochote: gasketi ya manifoldi, gasketi ya turbo kwa manifoldi, gasketi ya turbo kwa bomba la ekzosi, gasketi za bomba la EGR (linalorudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia) kama lipo, washa za shaba za bomba linalopeleka mafuta ya injini kwenye turbo, gasketi ya bomba linalorudisha mafuta, na stadi na nati mpya za manifoldi nzima. Stadi ya zamani iliyopikwa kwa miaka mingi imerefuka na kuchoka, na kuirudisha ili kuokoa kiasi kidogo ni ubahili usio na faida. Kwa gasketi yenyewe, chagua ya chuma chenye tabaka kadhaa ikiwa nyuso zote mbili ziko sawa, au ya grafiti yenye kiini cha bati ikiwa zina makovu madogo, kwa kuwa grafiti hujaza vishimo ambavyo chuma hakiwezi kuvijaza. Mtengenezaji wa gari akitaja aina moja, mfuate yeye.

Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote, injini ikiwa na uvuguvugu na si moto, na urudie jioni. Siku ya kazi injini iwe baridi kabisa. Fungua manifoldi ikiwa ya moto na chuma kitalegea kikiwa bado kimetanuka, kisha kitapoa kikiwa huru na kupinda. Ondoa waya hasi wa betri. Ikiwa turbo inapozwa kwa maji, au manifoldi ya hewa ina njia ya maji ndani yake, mwaga maji ya rejeta kwenye chombo safi. Gari likiinuliwa, likae juu ya vigingi vya chuma na si juu ya jeki peke yake. Piga picha za mabomba na waya zote kabla ya kuzigusa.

Kufungua

Anza na bati la kukinga joto, ambalo boliti zake ndogo hukatika kwa urahisi, kisha bomba la ekzosi chini ya turbo, mabomba ya mafuta na maji ya turbo, mipira ya hewa, bomba la EGR, na vishikizo vinavyounganisha turbo na bloku. Kila tundu la mafuta unalolifungua lizibwe papo hapo kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Punje ya mchanga katika njia ya mafuta ya turbo inatosha kuharibu bearing zake, na boliti ndogo ikidondokea upande wa moshi italisaga gurudumu lake siku ya kwanza ya kuwasha. Kwenye pikapu nyingi ni rahisi kuitoa manifoldi na turbo zikiwa pamoja, kisha kuzitenganisha mezani. Uzito wake ni mkubwa, kwa hiyo pawe na mtu wa pili wa kupokea.

Nati za manifoldi zilegezwe kuanzia ncha mbili kuelekea katikati, nusu mzunguko kila moja, na kurudi tena. Tumia soketi ya pembe sita, iliyoingia hadi mwisho, kwa sababu ya pembe kumi na mbili huvua kona za nati iliyoliwa na kutu. Nati ikikataa, usiongeze urefu wa mpini kwanza. Ikaze kidogo, kisha ilegeze, ikaze, ilegeze, ukiongeza mafuta, hadi uhisi kutu ikivunjika. Ikikataa tena, pasha nati yenyewe kwa moto wa gesi, mbali na mabomba ya mafuta na mipira, na uijaribu ikiwa imetanuka. Stadi ikitoka pamoja na nati hujaharibu kitu, maana hata hivyo ulikuwa unaibadilisha.

Stadi ikikatika, tulia, kwa sababu saa ya hasira ndiyo inayozaa hasara ya hedi nzima. Ikibaki nje angalau milimita chache, weka nati juu yake na uilehemu kwa ndani. Joto la kulehemu lenyewe hulegeza kutu, na nati hiyo huwa mpini wa kutolea, ikishapoa kidogo. Ikiwa imekatika ndani ya hedi, piga alama katikati kabisa kwa pointi ya chuma, toboa kwa drili ndogo kwanza, kisha kubwa zaidi, ikiwezekana drili inayozunguka kushoto, ambayo mara nyingi hushika kipande na kukifungua yenyewe. Drili ikienda upande italila aluminiamu, kwa kuwa ni laini kuliko stadi, na hapo itabidi kutobolewa upya na kuwekewa koili ya nyuzi. Kama huna uhakika wa mkono wako, mpe kazi hiyo mtu wa karakana ya kuchonga vyuma.

Kuisoma gasketi kuukuu

Usiitupe gasketi uliyoitoa. Ilaze mezani kwa mpangilio uleule iliokaa kwenye injini na uiangalie vizuri, kwa sababu sababu ya uvujaji imeandikwa humo. Mahali palipoziba vizuri pana mstari safi, unaong'aa, unaozunguka tundu bila kukatika. Mahali palipovuja mstari huo hukatika na njia nyeusi hupita kutoka ndani hadi ukingoni. Njia nyeusi ikiwa moja tu, jirani na stadi iliyokatika au nati iliyolegea, umeshapata jibu. Zikiwa kwenye matundu ya mwisho ya pande zote mbili huku ya katikati yakiwa safi, manifoldi imepinda. Zikiwa zimetapakaa bila mpangilio, uso ulikuwa mchafu au gasketi ilikazwa bila kufuata utaratibu. Na ikiwa gasketi imechanika kwa mlalo, huku matundu ya boliti yakiwa yamevutwa na kuwa ya mviringo mrefu, manifoldi ilikuwa imeshikwa isiteleze, pengine kwa boliti nene kuliko zinazotakiwa au kwa kukazwa kupita kiasi.

Kusafisha na kupima

Gasketi za magari ya zamani sana zinaweza kuwa na asbestosi. Zilowanishwe kwa maji kabla ya kukwanguliwa, zisisuguliwe kwa mashine wala kupulizwa kwa hewa, na mfanyaji avae barakoa inayofaa. Hata bila asbestosi, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa na uvihesabu, ili vyote vitoke. Hedi ya aluminiamu ikwanguliwe kwa kikwangulio cha plastiki ngumu au cha shaba, si cha chuma, na mawe ya msasa yanayozungushwa na drili yakae mbali, kwa kuwa chembechembe zake huingia kwenye injini na kusaga bearing. Manifoldi ya chuma cha kusubu, ikiwa mezani, haina tatizo na brashi ya waya. Kwenye manifoldi ya hewa ya injini yenye EGR utakuta tabaka nene la masizi yaliyochanganyika na mafuta. Ondoa yote, lakini fanya hivyo manifoldi ikiwa imetolewa, maana kipande kigumu kikidondokea kwenye tundu la hewa kinaweza kupinda vali.

Sasa fika kwenye kipimo ambacho wengi hukiruka. Weka rula ya chuma iliyonyooka kweli juu ya uso wa manifoldi, kwa urefu wote na kwa mshazari, na ujaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake kwenye kila tundu. Kikomo kamili kinatolewa na kitabu cha gari, na hicho ndicho cha kufuatwa. Mimi, fila ya milimita 0.2 ikipita kwa urahisi chini ya rula kwenye tundu lolote, naipeleka manifoldi ikasawazishwe kwenye mashine, kwa sababu boliti zitaweza kuinyoosha ikiwa baridi, lakini kila ikipata moto itavuta stadi hadi zikatike. Baada ya kusawazishwa, uso wa manifoldi umekuwa mwembamba zaidi. Hakikisha nati hazimalizi nyuzi za stadi kabla ya kubana, na kwamba turbo bado inakutana sawasawa na bomba lake. Pima pia uso wa hedi, ingawa huo hupinda mara chache zaidi.

Nyufa zitafutwe kwa mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta ya taa upande mmoja wa chuma kilichosafishwa, subiri, futa, kisha paka chaki upande wa pili. Ufa uliopenya utachora mstari wenye unyevu juu ya weupe. Manifoldi yenye ufa unaofika kwenye uso wa gasketi ibadilishwe. Kulehemu chuma cha kusubu kunawezekana, kwa kukipasha moto kwanza na kutumia fimbo za nikeli, ila bila fundi anayeifanya kazi hiyo mara kwa mara ufa hurudi kando ya mshono.

Kufunga

Pitisha tapu (chombo cha kuchongea nyuzi) kwa mkono kwenye kila tundu la stadi ili kusafisha nyuzi, kisha toa chengachenga kwa kifyonza vumbi. Stadi mpya ziingizwe kwa mkono na zikazwe kidogo tu. Baadhi ya matundu kwenye injini fulani hufika kwenye njia ya maji, na hayo hupakwa dawa ya kuziba nyuzi. Upande wa nati paka kiasi kidogo cha grisi ya shaba ikiwa kitabu cha gari hakikatazi, ukikumbuka kwamba nyuzi zilizopakwa grisi hukazika zaidi kwa nguvu ileile ya spana.

Gasketi ivikwe kwenye stadi ikiwa kavu. Angalia upande wake: nyingi zina alama, sikio la kushikia, au tuta lililoinuka linalopaswa kuelekea upande uliotajwa, na matundu yake yasifunike hata sehemu ndogo ya matundu ya hedi. Usipake silikoni. Silikoni nyingi za joto kali huvumilia nyuzi 300 au zaidi kidogo, wakati moshi wa dizeli kabla ya turbo, injini ikivuta mzigo, hufika nyuzi 600 hadi 700. Kitakachotokea ni kuungua na kuacha mwanya. Kwenye manifoldi ya hewa, silikoni iliyominyika ndani hukatika vipande na kuvutwa kwenye silinda.

Weka manifoldi, zungusha nati zote kwa vidole, kisha zikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm) kuanzia katikati ukitoka nje kwa kupokezana kulia na kushoto, kwa awamu tatu: theluthi ya nguvu, theluthi mbili, na nguvu kamili. Thamani kamili ichukuliwe kwenye kitabu cha gari. Kwa kupata picha tu, nati za milimita 8 mara nyingi huwa kati ya Nm 20 na 30, na za milimita 10 kati ya Nm 40 na 55. Ukijikuta unavuta nguvu mara mbili ya hiyo, simama. Kukaza kupita kiasi kunaifunga manifoldi isiteleze, na hapo tunarudi kwenye ile milimita 2 isiyo na pa kwenda.

Rudisha vingine vyote, isipokuwa bati la kukinga joto, kwa kinyume cha kufungua, vishikizo vya turbo vikiwa vya mwisho kukazwa, ili visiivute manifoldi upande. Kishikizo kilichosahaulika huacha uzito wote wa turbo ukining'inia kwenye stadi za manifoldi.

Kuwasha na kukagua

Mimina mafuta safi ya injini kwenye tundu la mafuta la turbo kabla ya kufunga bomba lake. Jaza maji ya rejeta na utoe hewa iliyonaswa. Kisha zungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake, kwa kukata umeme wa vali inayozima mafuta au kwa utaratibu uliotajwa kwenye kitabu, hadi taa ya mgandamizo wa mafuta ya injini izime. Ndipo uiwashe, uiache kwenye mzunguko wa chini kwa dakika kadhaa, gari likiwa nje au kwenye nafasi yenye hewa. Moshi mwepesi kutoka juu ya manifoldi mwanzoni ni mafuta na alama za vidole vinavyoungua. Ukiendelea baada ya robo saa, kuna mafuta yanayodondoka kutoka kwenye bomba la turbo.

Sikiliza injini ikiwa baridi, ikiwa na moto, na baada ya kupanda mlima ukiwa na mzigo. Siku inayofuata, ikiwa baridi tena, rudia jaribio la maji ya sabuni na ukague kiwango cha mafuta na cha maji. Kukaza upya kufanyike pale tu mtengenezaji wa gasketi anaposema hivyo: za grafiti hulegea kidogo baada ya joto la kwanza na nyingi huhitaji kukazwa tena, injini ikiwa baridi, kwa mpangilio uleule wa katikati kwenda nje, ilhali nyingi za chuma chenye tabaka hazitakiwi kuguswa. Bati la kukinga joto lirudishwe baada ya ukaguzi huo na si kabla, kwa kuwa masizi mapya, kama yapo, huonekana juu ya chuma kilichosafishwa ndani ya siku chache za kwanza za kazi.